Nilivyopima Mavuno ya Mkuyuni kwa Mitungi

Ndugu zangu wa darasani, leo sina pa kuuweka uso. Mliniandikia mkiuliza mtu huanzaje kazi hii ya kukadiria biashara, ya kumwambia tajiri nunua, uza, au subiri. Nawajibu alasiri hii hii. Msianze kama nilivyoanza mimi.

Mnajua nilivyokuwa nikiringa. Ninyi mmekuwa makarani wa boma na wa stesheni, mnanakili maneno ya watu wengine. Mimi nilitaka kazi ya akili. (Akili! Ngojeni.) Nikamwendea Mwinyi Hatibu, mfanyabiashara wa nafaka hapa Mwembesongo, nikamwambia naweza kumtabiria bei kwa hesabu, si kwa ramli. Alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Akasema ghala lake limejaa mahindi, na Mzungu wa kambi ya reli anayataka yote. Auze sasa, au angoje bei ipande? Niende milimani, upande wa Mkuyuni, nikaone mavuno yatakuwaje. Nikirudi na jibu la kweli, kazi ni yangu.

Nilitoka juzi alfajiri. Mkuyuni ni kwao mama yangu, na mjomba wangu Mloka ndiye mkubwa wa ukoo pale. Mtu mwenye adabu angeanza kwake kumwamkia. Mimi nilijua nikiingia tu nitakalishwa mpaka jioni niulizwe nitaoa lini, na mimi ni mtu wa kazi. Nikapita njia ya chini kando ya mto, kama mwizi wa kuku. Hapo mtoni mahindi yalikuwa ya kijani, yamesimama vizuri. Mashamba ya juu sikupanda kuyaona. (Kanzu ilikuwa nyeupe.)

Halafu nikaona jambo lililonifurahisha. Kila ua, wanawake wanapika pombe. Mitungi kwa mitungi! Mimi pombe siigusi, hata harufu yake naikimbia, kwa hiyo niliihesabu nikiwa njiani, pua nimeziba kwa mkono wa kanzu, simsemeshi mtu. Nikakaa juu ya jiwe nikapiga hesabu: mtungi mmoja unakula nafaka kiasi gani, nyumba ziko ngapi. Mwenye njaa hapiki pombe. Basi hawa wameshiba, na mavuno yajayo wana hakika nayo. Nilijiona bingwa.

Leo asubuhi nikasimama dukani mbele ya Mwinyi na wateja wake, karatasi mkononi. Nikawasomea hesabu yangu ya mitungi ya pombe, nikasema mahindi ya milimani yatashuka kwa wingi, bei itaanguka, auze yote leo. Mwinyi akauliza kama nilizungumza na wenyeji. Nikamjibu kwamba hesabu haihitaji porojo. (Ndiyo, nilisema hivyo. Mbele za watu.) Akapeleka habari kambini, na kabla ya adhuhuri wapagazi walikuwa wamebeba karibu ghala zima. Mimi nikapewa kiti. Nikakikalia.

Ndipo mjomba Mloka akaingia, vumbi mpaka magotini, nyuma yake wanaume watatu na magunia matupu. Nikaruka kusimama, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba polepole, kisha akamgeukia Mwinyi, akasema wamekuja kununua mahindi. Mvua imewakimbia, mashamba ya juu yamekauka yote.

Mwinyi alinitazama kwanza. Kisha akamuuliza mjomba kwa upole, "Mzee, watu wasio na chakula wanapika pombe?"

"Ni ya tambiko," mjomba akasema. "Kila nyumba imetoa kibaba chake cha mwisho cha mtama, tukawaombe wazee wetu mvua."

Mtoto yeyote wa Kiluguru analijua jambo hilo. Mimi nalijua! Nilibebwa mgongoni kwenda kwenye tambiko kabla sijajua kutembea. Kuuliza si ujinga, tuliambiwa tangu utotoni, nami nikadhani hayo ni maneno ya watu wasiojua hesabu.

Yalikuwa yamebaki magunia sita. Mwinyi akawauzia hayo kwa bei ya zamani, kisha akakichukua kile kiti akakirudisha ndani mwenyewe. Hakunifukuza wala hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Aliyenimaliza ni mjomba. Aliniita pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Wanawake walikuona. Wakaniuliza, yule mtoto wa dada yako ana nini, anahesabu mitungi yetu asipige hodi? Nikawaambia ana haraka, ametumwa."

Alinitetea, ndugu zangu. Nami nilikuwa nimekiuza chakula chao kabla hawajafika kukinunua. Nimelia nyuma ya lile ghala, mtu mzima na ndevu zangu, na wapagazi wameniona.

Kesho alfajiri napanda na mjomba na watu wake, nami nitajitwisha mzigo wangu wa mahindi kichwani. Mjomba hajanikataza. Mzigo siuogopi, wala hao wanawake na maneno yao. Ninayemwogopa ni mkaza mjomba, mkewe Mloka. Nikifika atapika, najua atapika, maana kwao mgeni halali njaa, na mimi ndiye nitakayepakuliwa kwanza, kutoka magunia hayo hayo sita. Basi mwenye kutaka kucheka na acheke leo, kabla sijaletewa maji ya kunawa.