Uzee wa Wiki Moja

Jumatatu, 4 Agosti

Mdogo wangu Frida, salamu katika jina la Bwana. Hujambo? Presha imeshuka? Mimi mzima, ila baridi ya Mount Druitt, hapa Sydney, inanitafuna magoti. Nakuandikia shajara yangu kama kawaida, Jumapili nitakupigia picha kurasa. Hapo Bukoba usimwonyeshe mtu.

Shida ni hii. Jumapili mjukuu wangu Tevin anabatizwa, na mimi ndiye wa kumbeba. Rosta inasema niko kazini. Kwenye nyumba yetu ya kutunza wazee, Lidcombe, siombi ruhusa ya Jumapili. Ukiomba, watasema umezeeka, umechoka. Nami nimehangaika nisionekane nimechoka! Miaka hamsini na mitatu, nywele nyeusi ti kwa rangi ya dukani. Umri wangu umo ofisini, lakini nani anasoma karatasi? Watu wanasoma uso. Hata Calvin, kijana wa Tanga tunayefanya naye kazi, nimempiga marufuku kuniamkia mbele za watu. Ananiambia mambo, najibu poa. Mungu anisamehe.

Jumanne, 5 Agosti

Amekuja mtafiti wa chuo kikuu, Daktari Mbula, Mkamba mpole. Anachunguza jinsi waliovuka hamsini wanavyogawa kazi na familia. Watakaoingia kwenye utafiti watachagua siku moja ya familia, bila kazi, kila wiki, kuanzia Jumapili hii. Majina Ijumaa.

Moyo ukaruka. Halafu akakitazama kichwa changu cheusi, akanipita, akaenda kumsalimu Honorine, Mkongo mwenye mvi kama pamba. Honorine kakaa kama waziri.

Lazima niwe nimezeeka kabla ya Ijumaa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetia poda ya mtoto kwenye nywele. Nikachechemea mguu wa kushoto. Si uongo, goti huniuma kweli jioni, leo nimeliwahisha tu.

Calvin nilimwagiza aniamkie kwa sauti Daktari akipita. Kijana akapitiliza. Shikamoo bibi! Bibi, Frida, wakati nilimwambia mama. Akaninyang'anya mkoba, akanishika kiwiko mpaka mlango wa choo. Daktari akaandika kitu. Nikafurahi.

Honorine ndiye aliyeharibu. Ati, dada Koku, kichwa yako iko na unga, ulikuwa unapika mandazi?

Ijumaa, 8 Agosti

Mguu wa kushoto umechoka kuchechemea, leo nikatumia wa kulia. Muuguzi mkuu wetu, Chepngetich, akauliza juzi si ulikuwa ule mwingine. Nikamwambia maumivu yanahama. Akasema pole sana mama, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Nikaitwa ofisini. Daktari Mbula akaniambia jina langu lilikuwemo kabla hajafika. Alipewa na ofisi majina ya wote waliovuka hamsini. Kumbe karatasi zinasomwa. Nilichotakiwa ni kutaja siku tu. Nimefungua mdomo niseme Jumapili, Chepngetich, aliyekuwa amekaa pembeni, akawahi. Mwenye mguu unaohama hawezi kuinua wazee. Kwanza kazi nyepesi mpaka daktari wa hospitali anipime, utafiti utasubiri. Kazi nyepesi ni kukaa mezani mlangoni, kuandikisha wageni.

Lini? Jumapili.

Nimeenda stoo ya mashuka nikaomba. 

Jumapili, 10 Agosti, jioni

Nilikaa mezani, gauni la kanisani chini ya sweta. Calvin akapita kuchukua koti alilosahau, leo hana zamu. Ukumbi mtupu. Akasema shikamoo mama, polepole, bila kuigiza. Nikajibu marahaba, machozi yakanitoka. Nikamweleza yote.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Ati, sasa mama yangu, si ungeniambia tangu Jumatatu? Ningekukalia hiyo zamu, wewe si mzazi wangu? Akampigia Chepngetich. Naye akakubali hapo hapo, akasema nimsalimie mtoto.

Frida, nilikimbia. Viatu mkononi, ngazi za stesheni mbili mbili. Nafika juu, nani kasimama na mifuko ya sokoni, simu bado mkononi? Chepngetich. Akatazama mguu mmoja, akatazama wa pili. Nikarukia treni, milango ikajifunga.

Tevin nimembeba mimi. Hakulia. Alinishika shavu kwa mkono wenye maji, nami nikasahau kila kitu kwa muda wa wimbo mzima.

Sasa nimetulia, nimepiga magoti, nimeliona kosa langu. Ningechagua mguu mmoja tangu mwanzo. Kesho nitarudi nikichechemea, nimwambie Chepngetich yule aliyekimbia ni mdogo wangu aliyekuja kunitembelea. Sisi tunafanana sana. Akikupigia, uko Sydney, na unapenda kukimbia.

Tafadhali nijibu upesi, kabla sijapanda treni ya asubuhi. Na uniambie nichechemee upi.