Baiskeli ya Kumfuata Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Nanunua baiskeli ya mbio! Si ile ya kubebea magunia. Ile yenye tairi nyembamba kama mkanda wa suruali na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume.

Chanzo ni vioo. Kazi yangu ni kukata vioo na kuvitia fremu, na leo tulikuwa na oda ya saluni: vioo virefu vya ukutani, karakana nzima imejaa. Asubuhi yote kila nilipogeuka nilikutana na jamaa mmoja mwenye kitambi. Mara ya kwanza nilimpisha apite.

Mke wangu alihamishwa Januari. Sasa ni mwalimu mkuu wa shule ya bweni katika mji wa pili kutoka hapa, na mwisho wa wiki hawezi kutoka, yuko zamu. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nalala upande wake wa kitanda ili upande mtupu uwe wangu. Haisaidii.

Mpango: nipunguze mwili, kisha Jumamosi moja nipige pedali mpaka huko. Nitokee getini bila taarifa, kaptura ya kubana, jasho kidogo tu usoni, si la kutiririka. Basi lipo, najua. Linafika kabla mtu hajamaliza gazeti. Lakini ni mwanamke gani aliyewahi kuota mume wake akishuka kwenye basi na mfuko wa plastiki?

Jumatano, 5 Machi

Nimelazimika kumuuliza Mshipa. Ni mwenzangu karakanani, mkata mbao, na jina amelipata kwa ile mishipa iliyomtoka kwenye mashavu ya miguu. Kila Jumapili anaendesha na kundi lake, Jumatatu anatusimulia vilima kama vile yeye ndiye aliyeviumba. Nilimwambia namuulizia mpwa wangu.

Akasema mpwa aanze na kimo. Asimame juu ya bomba la fremu, nyayo zote mbili zitulie chini. Zisipotulia aiache hata akipewa bure. Pili, asikimbilie mpya ya bei rahisi inayong'aa. Afadhali iliyotumika lakini imetunzwa. Azungushe magurudumu aone kama yanayumba, akamate breki, abadilishe gia zote. Rangi iwe ya mwisho kabisa.

Kisha akaniuliza kama huyo mpwa ana kitambi. Nikasema kidogo. Akasema basi ainue usukani, asije akajipiga magoti tumboni. Sikupenda alivyosema.

Jioni nikapita duka la baiskeli. Dirishani ilikuwepo nyekundu, imening'inizwa kwa nyaya kama malaika. Nilisimama mpaka mwenye duka akazima taa. Bei yake niliisoma mara mbili nikidhani ni namba ya simu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeipata!

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa duka la dawa: baiskeli ya mbio, ya chuma, bluu, imetunzwa. Mwenyewe ni refa mstaafu, mzee wa maneno machache, goti lake limemkatalia. Baiskeli inakaa sebuleni, imefunikwa shuka, na ameweka kiti pembeni ili akae nayo kama mwenzake.

Nyayo zilitua chini zote mbili. Akaniruhusu nizunguke mtaa. Nitaandikaje? Sikuwa nikienda, nilikuwa nikichukuliwa. Upepo ukaingia shati, ukatokea mgongoni. Kwenye kona nikasahau umri wangu, nikasahau vioo, nikawaza moja kwa moja getini kwa mke wangu. Nikarudi macho yana maji. Nikamwambia refa ni vumbi.

Bei aliyotaja ilikuwa ya haki. Ningeweza kuilipa palepale. Lakini mtu mzima hanunui kwa bei ya kwanza! Nikajikaza kisabuni, nikasema kiti kimechubuka. Refa akapandisha bei. Nikasema mpini mmoja umelegea. Akapandisha tena. Akanieleza kwa utulivu kwamba hawezi kumpa baiskeli yake mtu asiyeipenda, labda mtu huyo alipie kutokuipenda kwake.

Nimeondoka mikono mitupu. Mbinu tu. Atalainika.

Mke wangu alipiga simu usiku. Alisema Jumamosi alasiri wanafunzi wanalala, shule inakuwa kimya, naye anakaa barazani peke yake na birika la chai ambalo halimalizi. Nilitaka kumwambia kila kitu. Nikaumeza ulimi. Nikasema nina mambo muhimu hapa mjini.

Jumanne, 11 Machi

Nilirudi kwa refa nikajitia hamnazo, eti nilikuwa napita tu. Nikaona kutu ndogo nyuma ya gurudumu, nikaitaja. Refa akatoa kipenga mfukoni. Akakipuliza! Sebuleni! Kisha akanionyesha mlango kwa mkono ulionyooka.

Nimelala nikiiota. Nilikuwa naiosha kwa sifongo, nayo inaniangalia.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimebuni jambo la akili kabisa.

Mdogo wangu wa kike ni msusi, mdomo wake unaweza kuuza barafu kwa samaki. Nitamtuma kwa refa kesho. Ajifanye mnunuzi, atoe bei ya matusi, nusu ya nusu. Refa atakasirika. Nusu saa baadaye nitatokea mimi na bei yake ya kwanza mkononi, nitaonekana mkombozi. Ataniangukia shingoni.

Mdogo wangu alikubali bila kuuliza atapata nini. Nikafurahi kuona udugu bado upo.

Jumamosi, 15 Machi

Udugu haupo.

Nilisubiri kibandani kwa muuza maji, macho kwenye mlango wa refa. Nusu saa ikapita. Ikapita nyingine. Nikasikia vicheko. Mlango ukafunguliwa, akatoka mdogo wangu juu ya baiskeli, refa akimshika kiti kwa nyuma kama baba anayemfundisha mwanawe. Wote wawili wanalia!

Nilimkimbilia. Akasimama, nyayo zote mbili zimetulia. Tuko kimo kimoja mimi na yeye, sikuwahi kuliona hilo kuwa tatizo.

"Kaka, ulinituma nitoe bei," alisema. "Nimetoa. Imepokelewa."

Nikamuuliza alimwambia nini mzee. Akasema hakumwambia kitu. Aliivua lile shuka, ikamtoka tu, "Jamani, nzuri hivi!" Basi mzee akaanza kumsimulia njia zote alizopita nayo, naye akawa anauliza, kisha anauliza, mpaka mzee akasema aichukue kwa chochote alichonacho.

Nikamkumbusha kwamba yeye hana hata kitambi. Akasema hataki kukipata.

Niliitazama ikienda mpaka ikawa alama ya bluu. Nimekula wali baridi nimesimama. Simu ya mke wangu sikupokea. Ningeanzia wapi?

Jumapili, 16 Machi

Nimenunua!

Nyeupe, alumini, nyepesi, unaiinua kwa vidole viwili. Bei ya kutupa. Muuzaji ni mchezaji wa mpira wa kikapu, kijana muungwana, alinipakia mwenyewe juu ya kiti. Nyayo hazifiki chini. Vidole navyo havifiki. Lakini nilikumbuka nyuma ya ile bluu ikipotea kwenye kona, nikalipa bila kupunguza hata kidogo. Mtu akisema hasira hainunui vizuri, hajaiona rangi hii.

Jumatatu, 17 Machi

Mshipa aliizunguka karakanani, mikono nyuma. Akauliza kama ni ya mpwa. Nikasema ni yangu. Akauliza nashukaje. Nikamjibu kwamba sina mpango wa kushuka shuka.

Alinyamaza. Kwa Mshipa, huko ndiko kucheka.

Jumatano, 19 Machi

Mazoezi yanakwenda vizuri. Kupanda natumia ngazi za mlangoni. Kusimama natafuta ukuta. Pasipo na ukuta kuna nguzo. Leo njia panda niliikumbatia nguzo ya taa, magari yakapita, kisha yakapita mengine, na mama mmoja aliyebeba mboga akanipa pole ya msiba.

Nikiwa hapo nikasikia kengele. Mdogo wangu! Kajikunja vizuri juu ya ile bluu, magoti yanapanda na kushuka kama cherehani. "Shikamoo kaka!" Kwa heshima zote, bila kupunguza mwendo. Nikaitikia kutoka kwenye nguzo.

Usiku mke wangu aliuliza mbona siku hizi nahema kwenye simu. Nikasema ni mtandao. Akacheka. Kile kicheko! Baada ya kukata nilikaa na simu sikioni, nikisikiliza pale kilipokuwa.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa chumbani kwa mke wangu, mguu juu ya mto.

Nilitoka alfajiri. Mwanzo ulikuwa wa ajabu. Barabara tupu, umande, tairi zinanong'ona. Nikaimba. Kisha kikaja kilima, kile ambacho abiria wa basi hawakijui kama kipo. Nusu yake paja likakaza kama kamba ya kisima. Nikatafuta ukuta. Mashamba! Nikatafuta nguzo. Mashamba! Baiskeli ikapunguza mwendo, ikasimama wima kidogo, tukafikiri wote wawili, kisha tukalala majanini upande wa kulia.

Dereva wa kigari cha nyanya alinikuta hapo. Hakuuliza kitu. Alipakia baiskeli, akanipakia mimi.

Basi, nilitokea getini hivyo. Juu ya makreti, kaptura imechanika, nyanya moja mgongoni. Mke wangu alikuwa barazani na birika lake. Alisimama polepole.

"Umekuja na nini?"

"Na baiskeli."

"Naiona. Imepanda gari."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Wanafunzi wakachungulia madirishani, akawafukuza kwa jicho moja la ualimu mkuu, akarudi kucheka. Kisha akaleta beseni na kitambaa, akapiga goti, akanisafisha mguu. Hapo kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Tangu lini unaitafuta hii?"

Nikasema tangu mwezi uanze.

"Kwa hiyo zile Jumamosi zote za mambo muhimu?"

"Nilikuwa natafuta jinsi ya kukufuata."

Alikikamua kitambaa. Akakikamua tena, ingawa hakikuwa na maji.

"Mume wangu wee. Mimi kila Jumamosi nakaa hapa natazama basi la mchana likishusha watu pale getini. Natazama mabegi. Nasema, labda lile ni lake. Linaondoka, nachemsha chai nyingine."

Mimi, mwenye mipango yote ile! Nilimshika mkono wenye sabuni, tukakaa hivyo mpaka kengele ya chakula ikalia. Chai tuliimaliza.

Jumapili, 23 Machi

Nimerudi kwa basi, baiskeli juu ya paa. Mke wangu alinisindikiza mpaka mlangoni mwa basi, akanitengeneza kola mbele ya kondakta. Aliniapisha: Jumamosi ijayo nije, kwa basi hilihili, hata na mfuko wa plastiki. Nikaapa kwa moyo wote.

Basi halijakata kona nikawa nimeshamkumbuka. Nilimtazama dirishani akizidi kuwa mdogo, kisha nikaona vumbi tu, nikaendelea kulitazama. Nafika nyumbani, hakuna gazeti nililosoma.

Jumanne, 25 Machi

Nyeupe nimempa Mshipa aitafutie mwenyewe, mtu mwenye miguu ya kuifikia. Aliipokea kwa huruma nisiyoihitaji.

Maana nimeona kitu! Mteja aliyeleta picha ya harusi kutiwa fremu alikuwa na habari. Kuna mtu anauza baiskeli ya viti viwili. Viwili! Mmoja mbele, mmoja nyuma, pedali jozi mbili. Nimeshindwa kukata kioo sawasawa kwa mshangao. Nimekata vipande vitatu badala ya viwili. Mimi mbele nachana upepo, mke wangu nyuma ananishika kiuno, barabara yote yetu. Na kwenye kilima kile tutakuwa na miguu minne! Nani tena atasubiri basi?

Muuzaji anaishi mbali, upande wa pili kabisa, mwendo wa kutwa. Anaonyesha Jumamosi tu.

Nimempigia mke wangu nikamwambia kwamba Jumamosi hii haitawezekana, kuna jambo muhimu. Akauliza jambo gani. Nikasema atakuja kuona mwenyewe. Nikamsikia akiweka kikombe chini, polepole.

Ni furaha. Nimemjua miaka mingi, sikosei.