Kila Ninachopima ni Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Mtu anayezijua mashine za kahawa ya espreso kuliko mimi hajazaliwa, na akizaliwa nitamfundisha. Shule niliiacha kidato cha pili. Wengine husema iliniacha yenyewe. Wivu.

Mjomba, mwenye karakana, katangaza leo. Jumamosi anachagua nani ashike meza ya kupimia: mimi au binti yake, binamu yangu, ninayemwita Mizani kwa sababu hupima hata chumvi ya mchuzi wake. Atakayeshindwa anakwenda uani kukwangua chokaa kwenye maboila, yale matangi ya kuchemshia maji. Chokaa ile huingia hadi kwenye kope. Siendi uani mimi.

Kazi yenyewe haina siri. Mashine kuukuu inaletwa imekufa. Tunaifungua, tunaisafisha, tunabadili kilichooza, tunaipima, tunaiuza. Kupima ni geji: kiduara kama saa, sindano moja. Unaifunga pale kahawa inapotokea, unawasha pampu. Sindano ikifika tisa, mashine nzima. Ikilala kwenye sita, pampu mgonjwa.

Asubuhi, kabla hawajaja wenzangu, kilisikika kishindo karibu na meza ya kupimia. Paka, bila shaka.

Mchana nikapima mashine yangu ya kwanza. Tisa! Nilishtuka mwenyewe. Sikuwa nimebadili hata mpira.

Jumanne, 4 Juni

Mashine nne. Tisa, tisa, tisa, tisa. Moja nilikuwa sijaifuta hata vumbi. Nimeanza kuitazama mikono yangu kwa heshima.

Mpango: geji ni moja tu karakana nzima. Basi inakaa mfukoni mwa shati langu. Mizani kaiomba mara tatu. Mara ya kwanza nikamwambia naitumia. Ya pili, inapumzika. Ya tatu akasema haya kaka, kaa nayo, ikikuzalia unipe mtoto mmoja. Akaenda zake kuchukua mzani wa jikoni na saa ya ukutani. Anatoa kahawa, anaipima uzito, anahesabu sekunde. Ikimwagika haraka mno, anaifungua mashine upya. Siku nzima kamaliza moja. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikaacha.

Bibi, mama yake Mjomba, hukaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki na kunywa kahawa zote za majaribio. Ya Mizani kaimaliza. Ya kwangu kaionja, akauliza kama hiki kikombe kimeoshwa au haya ndiyo maji ya kukioshea. Bibi ana miaka themanini na miwili. Ulimi nao huzeeka.

Jumatano, 5 Juni

Kaja mteja. Muuguzi mstaafu, anafungua mkahawa wake wa kwanza Jumamosi. Kibao kishapakwa rangi, kadi zishasambazwa. Wifi yake kautangazia mtaa mzima kwamba mtu aliyezoea kudunga watu sindano hawezi kuwapikia kahawa. Na wifi huyohuyo kaalikwa, kiti cha mbele. Muuguzi akasema haombi makubwa, anataka mashine moja tu isiyomwaibisha. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Mjomba akamwonyesha ile kubwa yenye vichwa viwili vya kutolea kahawa. Mizani akasema bado, pampu imechoka, kahawa inatoka mbio kama imefukuzwa, apewe siku mbili. Mimi huyo, geji mkononi. Nikaifunga mwenyewe, pampu nikawasha mwenyewe, ndipo nikamwita Mjomba aje aone. Tisa. Mjomba akatazama, akavaa miwani, akatazama tena. Akamwambia binti yake kwamba geji haina undugu na mtu. Mizani akarudi kwenye mzani wake. Mgongo wake uliniudhi kuliko tusi.

Nimeifunga mashine lebo shingoni: IMEPIMWA NA MIMI. Muuguzi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita mwanangu.

Alhamisi, 6 Juni

Tumeipeleka mashine mkahawani. Hatukuiwasha, maana fundi umeme alikuwa bado kwenye ngazi akitafuta waya alioushika. Mjomba kasema mbele za watu kwamba nina mkono wa kazi. Kurudi, nilikaa mbele garini. Mizani nyuma, na masanduku.

Nimeshapanga nitakavyoipanga meza yangu. Mizani nitamtafutia ufagio mzuri.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa.

Nilikuwa nakula mchana, nimeketi karibu na Bibi. Bibi akaukodolea macho mfuko wa shati langu, geji ikichungulia. Akauliza kifua changu kina pampu ngapi, maana anaona kinasoma tisa. Nikacheka. Nikatazama. Kicheko kikarudi kilikotoka.

Nimeifunga kwenye bomba lililokauka. Tisa. Kwenye birika baridi. Tisa. Nimeigusisha kwenye kiti cha Bibi. Tisa. Nimeiweka peke yake mezani, nikarudi nyuma hatua tano, pengine inaniogopa. Tisa.

Bibi akasema kikulacho ki nguoni mwako, mjukuu wangu. Kisha akaomba kahawa. Ya Mizani.

Mtu mwingine angekwenda kusema. Mimi nina akili. Mpango: kesho mapema naing'oa pampu nzima kwenye mashine aliyoimaliza Mizani, naenda mkahawani kama fundi aliyekuja kutoa hongera, nabadilisha kimyakimya. Muuguzi anafungua, wifi anafunga mdomo, mimi napewa meza.

Jumamosi, 8 Juni

Pampu ya Mizani haipo! Mashine yake iko wazi, tundu tupu. Kuna mtu kaiba kitu nilichokuwa nataka kukiiba mimi. Uaminifu umekwisha duniani.

Nikaenda mikono mitupu. Watu wamejaa. Wifi kiti cha mbele, kikombe mdomoni. Akameza. Akasema hongera wifi yangu, chai yako ya rangi ni nzuri. Watu wakaangua kicheko. Muuguzi akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazamwa mgonjwa anayeapa kwamba dawa kameza, na vidonge vimo mfukoni.

Nikaipiga mashine kofi. Nikazungusha kila kilichokubali kuzunguka. Mvuke ukaniunguza kidole. Nikawatangazia wageni kwamba mashine ngeni huona haya mbele za watu.

Ndipo akaingia Mizani, begi la spana begani, pampu yake mkononi. Kumbe aliing'oa mwenyewe. Alijua tangu Jumatano itahitajika. Akanipita kama anapita kiti. Akawaomba wageni dakika arobaini. Bibi, aliyekuja naye, akakaa katikati yao akawasimulia utoto wangu. Wote. Hata ile ya ndoo. Dakika arobaini ni nyingi.

Kikombe cha pili cha wifi kilitoka polepole, cheusi, na povu la rangi ya asali juu yake. Akanywa. Akaomba kingine. Muuguzi akageukia ukuta, akajifuta uso kwa aproni. Kisha akaifungua ile lebo yangu, akaikunja vizuri, akanirudishia. Afadhali angenitukana. Alisema tu ahsante kijana. Juzijuzi tu nilikuwa mwanawe.

Jumapili, 9 Juni

Meza kapewa Mizani. Mimi uani, tindo na brashi. Ninavyoandika hivi, kope zangu zina chokaa. Kosa ni la fundi umeme. Angewasha umeme Alhamisi, tungegundua mapema.

Mjomba kaniuliza geji iliharibikaje. Nikamwambia ni paka, Jumatatu asubuhi, kishindo nilikisikia kwa masikio yangu. Mjomba akafikiri. Akasema basi paka huyo nimkamate kabla ya Jumatano, maana geji mpya inakuja na hataki ipate ajali kama ya mwenziwe. Bibi alicheka mpaka akapaliwa.

Mpango uko tayari. Jirani yetu mkata vioo ana paka wa kijivu, mnene, mwenye sura ya hatia. Namwazima kwa kichwa cha samaki. Jumatatu jioni namwingiza karakanani, Jumanne asubuhi namkamata mbele ya mashahidi. Uani sikai wiki mbili.

Ila kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, niandike mara moja, nisirudie tena. Jumatatu ile nilikuwa peke yangu, nairusha geji juu na kuidakia mgongoni. Mara tatu niliidaka. Mara ya nne sikuidaka.

Karakana yetu haijawahi kuwa na paka.