Malalamiko Dhidi ya Mtufaa Nambari Kumi na Saba

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Shamba la Utafiti wa Matunda,

Assalaam alaykum. Mimi Mundhir Mahfoudh wa Malindi, mwonja matunda wako, naushitaki kwako mtufaa nambari 17, pamoja na Bi Riyama, mtunza miche, anayeutetea.

1. Mti huo ndio pekee wa aina yake uliobaki shambani, na matufaa yake ni machachu mno. Niliandika ripoti ya kurasa kumi na moja nikishauri ukatwe, tubaki na aina moja tu iliyo tamu. Bi Riyama aliisoma yote, akanirudishia, akasema, "Uchachu si kosa, mwanangu. Hata wewe tunakuvumilia."

2. Nilipokwenda na msumeno niukate mwenyewe, majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoishi juu yake, walinivamia. Nikavua kanzu mbele ya wanafunzi waliotoka Tunguu kuja kujifunza wadudu. Mwalimu wao akawaambia waandike.

3. Mwezi uliopita maradhi ya kukauka yaliingia shambani, yakaua mitufaa mitamu yote niliyoipigania, bila kujali ripoti yangu. Nambari 17 haukudondosha hata jani. Huo ni utovu wa nidhamu.

4. Lililoniuma zaidi, Bi Riyama hakunicheka. Alinikuta nimejiinamia juu ya kisiki, akakaa karibu yangu, akanifundisha kubebesha kijitawi cha nambari 17 kwenye mche mchanga ili vishikane viwe mti mmoja. Vijitawi tisa nimeviua. Cha kumi kimetoa majani mawili, na tangu siku hiyo sipati usingizi ofisini mchana, jambo ambalo halijanifika katika miaka yangu yote ya utumishi.

Kwa hiyo naomba mti ukatwe, Bi Riyama ahamishiwe kwenye maua, na maradhi yaandikiwe barua ya onyo.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa Bi Tahiya anayezipokea barua zangu bila kuguna.

Wako mtiifu, mwenye ulimi uliokufa ganzi,
Mundhir Mahfoudh

Tanbihi: Karani wako amenionesha sasa hivi kibali ulichotia saini: mti utakatwa Jumatatu, kwa ushauri wangu mwenyewe. Nasikitika kukuarifu kwamba msumeno wa shamba hauonekani, na usiniulize. Jumatatu nitakuwa nimekaa shinani pa mti huo, majimoto na wanifanye watakavyo. Bi Riyama amesema ataleta kahawa. Kama utakuja, Mheshimiwa, njoo na kikombe chako.