Namba Tatu ya Dokta Viwili

Foleni ya zahanati ilipomwagika hadi barabarani, Dokta Viwili alijua riziki imejileta yenyewe. Maabara ilifunguliwa bwana mkubwa akimaliza chai, na chai ya wakubwa haina mwisho. Mtu anayechomwa na mkojo atasubiri nini?

"Vidonge viwili asubuhi, kesho umepona," alinong'ona, mkoba begani. "Dozi nzima ni ya matajiri."

Udaktari wake ulianzia na kuishia kwenye koti jeupe aliloachiwa na kinyozi. Vidonge alivikusanya nyumba kwa nyumba, masalio ya walioacha dozi katikati. Watu walipata nafuu siku mbili, wakarudi wakilia, naye akawauzia vingine viwili.

Hadi mkojo wake mwenyewe ulipowaka moto.

Akameza viwili. Akameza vinne vya rangi nyingine. Wapi. Siku ya nne alikuwa kwenye foleni ileile, mtu wa arobaini na saba, miguu ameipishanisha kama mkasi. Kwenye benchi la mbele alikaa Shangazi Mshonaji, mteja wake wa zamani, kadi namba tatu mkononi.

"Shangazi, nionee huruma. Niachie namba."

"Dawa si unazo, baba?"

"Zimegoma."

"Kumbe hugoma." Akamtazama. "Nipe mkoba wote, uichukue."

Dokta akaona mjinga kapatikana. Mkoba wa dawa zilizogoma, kwa namba tatu. Namba ilipoitwa alichomoka mbio, akalazwa kwenye kiti kirefu, taa usoni.

"Panua kinywa."

"Siumwi huko."

"Hapa tunang'oa meno, kaka."

Kadi za vyumba vyote zilikuwa rangi moja. Wakubwa walizinunua kwa jumla. Alipotoka, mpimaji wa maabara alikuwa mlangoni, mkononi mkoba aliokabidhiwa na Shangazi, akiionyesha foleni nzima.

"Ndivyo hivi. Ukimeza viwili wanakufa vijidudu wanyonge, wanabaki wakaidi, wanazaana. Sasa mikojo ya mtaa mzima haisikii dawa. Nimemwandikia mkubwa barua tatu. Anaziwekea kikombe cha chai juu."

Macho ya foleni nzima yakamgeukia Dokta. Akarudi mkiani, akipita kwa hatua fupi fupi mbele ya benchi.

"Shangazi, ile namba ni ya meno."

"Ya meno, ndiyo."

"Mbona hukuniuliza naumwa wapi?"

"Na wewe hukuniuliza," alisema Shangazi, akijishika shavu lililovimba. "Vile viwili ulivyoniuzia, baba, nilikuwa naumwa jino."