Kuhusu Gari la Vita la Arlène na Fomu Inayolisingizia

Bellevue, Johannesburg
Jumatano

Kwa Bwana Injinia Mugambi,
Mkaguzi wa Magari ya Kale ya Jeshi Yaliyo Mikononi mwa Raia

Bwana Injinia,

Mimi ni Mama Marcelline, mzazi wa Arlène, yule fundi makanika uliyemkuta jana chini ya gari la deraya katika ua wetu. Ulinisalimu kwa Kiswahili cha kwenu Kenya, ukakataa kiti lakini ukakubali chai, kwa hiyo najua umelelewa na barua hii utaisoma hadi mwisho. Mvua ilikuzuia kupanda juu ya gari, ukasema utarudi Ijumaa kuamua: likiwa halina tena uwezo wa vita, Arlène atapewa kibali cha kulihifadhi kama kitu cha historia, likiwa bado linao, litabebwa. Sheria naiheshimu. Tumeishi nchi hii miaka ishirini na mbili bila kesi hata moja. Lakini ulipoondoka niliisoma ile fomu aliyoijaza Arlène. Malalamiko yangu ni haya.

1. Jina la mwanangu liko juu kwa herufi kubwa, halafu chini yake, kila swali, amejibu "haifanyi kazi". Bunduki ya juu, haifanyi kazi. Redio ya jeshi, haifanyi kazi. Taa ya kumulika, haifanyi kazi. Nimehesabu mara saba. Papa Injinia, nani alitunga fomu inayomtaka fundi ajisifu kwa ubovu? Huyu mtoto akiwa na miaka tisa alifungua kinanda cha kanisa kilichowashinda mafundi wawili wa mjini. Alikifungua kwa kisu cha siagi, na Jumapili ile ile tuliimba nacho. Cheti chake cha ufundi kiko kwenye fremu ukutani. Fomu yenu niitundike wapi?

2. Mnataka mtutu wa bunduki uchomelewe, uzibwe. Arlène amechomelea mageti ya nusu ya Bellevue. Kumwambia achomelee kitu ili kife ni sawa na kumwambia mpishi atie mchanga kwenye fufu. Mimi kama mama nasema: bunduki ile ni nzima. Naipaka mawese kila Jumamosi, inang'aa. Jirani yetu Elisée, ambaye zamani alimwaga maji machafu mbele ya mlango wetu, sasa anatuamkia asubuhi na jioni. Kama bunduki haifanyi kazi, anaamkia nini?

3. Mmeandika kwamba gari litoke kwa maonyesho tu, tena kwa ruhusa. Mimi nimekwisha kuwaahidi akina mama wa kwaya, wote ishirini na wawili, kwamba nitawapeleka kwenye kongamano la Turffontein wakiwa ndani, wamevaa kitenge cha aina moja. Nimewaambia linapita teksi zote, na kwenye roboti, zile taa za barabarani, halina haja ya kusimama, maana nani atathubutu kuligonga? Mama Jeanne, ambaye mwanawe yuko benki na hatuachi tupumue kwa ajili hiyo, alinyamaza dakika nzima. Dakika ile, papa, mnataka kuninyang'anya.

4. Mmekataza lisivuke mpaka bila karatasi za silaha. Eish. Dada yangu kule Likasi nimeshamtumia picha. Anajua Noeli tunakuja nalo kupitia Zambia, Arlène kwenye usukani, mimi juu karibu na bunduki nikipunga mkono. Wengine hurudi nyumbani na friji. Watu wa forodha nao ni watoto wa watu, wataelewa. Wasipoelewa, chuma cha gari lile kina unene wa kidole.

5. Kwa hiyo naomba fomu mpya, yenye muhuri, iseme: "Gari hili, mikononi mwa Arlène, linafanya kila kitu lililoundwa kufanya." Sahihi yako iwe chini. Fremu nimeshanunua.

Nisalimie mama watoto, na wazazi wako kule nyumbani. Msalimie na dereva wako, aliyekula maandazi matano akaona haya kuomba la sita. Ijumaa atalikuta linamngoja.

Mimi mama yake, kwa heshima na bila hasira,
Marcelline

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, Arlène aliisoma barua hii. Alikaa juu ya tairi, mikono imejaa grisi, akaniambia: "Maman, hii ikimfikia, Ijumaa wanalichukua." Hakupaza sauti. Miezi minane sasa, kila akitoka kazini, yuko chini ya gari lile.

Basi, papa, nisikilize. Bunduki ile ni bomba la kushushia maji ya mvua kutoka paani. Mimi ndiye niliyemwomba aliweke, kwa sababu lile tundu tupu juu lilinitia aibu. Elisée anatuamkia kwa sababu Arlène alimtengenezea friji. Injini haijawaka hata siku moja. Gari liliingia uani likisukumwa na wanaume kumi na mmoja wa kanisa, pasta akiwemo, na tangu hapo limeziba nusu ya mlango wa jikoni. Yale saba yote ni kweli. Kuna nafasi chini, ongeza honi, yawe manane. Mama Jeanne asijue.

Ningeandika upya, ila karatasi nzuri imekwisha. Ukishasoma, ichane. Lakini ile habari ya kinanda ikate vizuri kwa mkasi, uiweke kwenye faili lake. Hiyo hata pasta atakula kiapo.