Anayenirejelea Ni Mimi Tu

Jumatatu, 2 Machi
Mkuu wa idara katangaza: atapandishwa cheo yule ambaye kazi zake zinarejelewa na wenzake. Kipaza, mwenzangu tuliyembandika jina hilo kwa sauti yake kubwa, akanitazama, akatabasamu. Kila anayeandika historia ya sheria humtaja Kipaza! Makala yangu kuhusu mabaraza ya kale ya ardhi imerejelewa na mtu mmoja tu. Mimi.

Enzi zetu hayakuwepo haya. Mimi na Kipaza tulisoma hukumu za kale meza moja, karatasi zikinuka vumbi. Marehemu Profesa, mwalimu wetu, alikuwa akipita na chai yake, akituuliza leo tunacheka nini. Hakuuliza nani katutaja.

Jumanne, 3 Machi
Nimepata! Ukipatia, watu kimya. Ukikosea, wote wanakusahihisha. Na kukusahihisha lazima wakutaje! Nimeandika makala mpya kwamba mabaraza yale hayakuwa na rufaa. Uongo mtupu. Nimeiweka kwenye mtandao wa watafiti. Mke wangu kasoma kichwa cha habari, kauliza kama nina homa.

Ijumaa, 6 Machi
Raha iliyoje! Wananitaja kama mvua! Mmoja kaandika, "Kwa mfano wa upotofu, tazama..." halafu jina langu. Herufi zote sahihi!

Jumatatu, 9 Machi
Mkuu wa idara kaniita. Kumbe marejeleo huyasoma, hahesabu tu! Cheo hakuna. Kaniuliza marehemu Profesa angesemaje. Nikaaga, nikatoka. Nikapitia chumba cha kusomea. Meza yetu imeondolewa, wameweka mashine ya kuchapishia. Nikasimama pale kama mgeni aliyepotea nyumba.

Jumatano, 11 Machi
Kipaza kaja ofisini na mswada wa kitabu chake. Leo kaongea taratibu, ajabu! Kasema, ndugu yangu, upuuzi wako nimeuruka, nimetumia ile makala yako ya ujana kuhusu mabaraza. Akanionyesha tanbihi: hakuna aliyezieleza rufaa zile vizuri kunishinda. Kasema bado anasikia sauti yangu nikimsomea kurasa zile. Machozi yakanitoka. Tukamkumbuka Profesa, tukacheka mpaka katibu akagonga ukuta.

Alhamisi, 12 Machi
Nimeamka moyo mweupe. Tanbihi moja, tena ya kweli! Yatosha.

Ila nimewaza. Nikiandika kwamba Kipaza kanisifu kimakosa, itambidi ajibu. Atanitaja tena!

Aya ya kwanza iko tayari. Inachoma!